Ule mlima unaitwaje?
Safari ya Athi River, mji wa saruji na vilima vyenye majina mengi

Mpenzi msomaji, huenda jambo hili limewahi kukufika. Umo ndani ya basi la Machakos asubuhi ya Jumapili, mtoto ameketi dirishani. Gari linapoiacha Mlolongo nyuma na uwanda kufunguka mbele yenu, mtoto anakugusa bega na kuuliza, "Baba, ule mlima unaitwaje?" Unachungulia nje. Naam, kuna mlima kweli, na ulikuwapo jana na juzi na siku zote ulizopita njia hii. Unakohoa kidogo, kisha unamjibu, "Huo ni mlima tu, mwanangu." Mtoto ananyamaza, lakini moyoni unajua kwamba hukumjibu.

Leo nakualika tuteremke pamoja Athi River tulitafute jibu. Usiogope, safari si ndefu. Ni kiasi cha kilomita 30 tu kutoka katikati ya jiji la Nairobi, na huhitaji zaidi ya nauli ya matatu, chupa ya maji, kofia, na macho yaliyo tayari kutazama. Lakini nakuonya mapema: swali la mtoto ni gumu kuliko linavyosikika. Milima ya huku haina jina moja, na mmoja wa vilima tutakavyovitaja unasagwa na kuuzwa kwa magunia.

MJI ULIO NJIANI

Athi River iko kusini-mashariki ya Nairobi, katika barabara kuu ya kwenda Mombasa, ndani ya Kaunti ya Machakos. Kiserikali eneo hili linajulikana kama Mavoko, na ndilo jina la manispaa na la eneo la bunge. Hata hivyo, ukimwambia utingo kwamba unashuka Mavoko, huenda akakutazama mara mbili. Kwake yeye hapa ni Athi River, au Athi tu kwa ufupi. Kwa hivyo hata kabla hatujautazama mlima wowote, tumekwisha kukuta mji wenye majina mawili.

Wasafiri wengi hupita hapa bila kusimama. Huona mabomba ya viwanda, malori yaliyopangana, na kile kiwanda cha nyama cha Kenya Meat Commission, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1950. Huona pia majumba mapya yanayoota kila upande kama uyoga baada ya mvua. Tangu mwaka wa 2022, mwenye haraka zake anaweza kupanda ile barabara ya angani kutoka Mlolongo na kufika Westlands bila kugusa msongamano wa chini. Watu wa hapa wanazidi kwenda kasi, na anayekwenda kasi hana nafasi ya kuuliza majina.

Majina yenyewe yamejaa habari. Chukua Mlolongo tulikotoka. Ni neno la Kiswahili safi, maana yake ni msururu. Lilitokana na safu za malori yaliyokuwa yakingoja zamu kwenye mizani ya barabarani. Chukua na Syokimau, jirani yake. Huyo alikuwa mwanamke wa Kikamba, nabii, ambaye masimulizi ya kwao yanasema aliliona reli kabla halijaja, akalieleza kama nyoka mrefu apitaye nchi nzima. Leo jina lake limebandikwa kwenye kituo cha treni kilichofunguliwa mwaka wa 2012, na stesheni kuu ya Nairobi ya reli mpya ya Mombasa, iliyoanza kazi mwaka wa 2017, iko papo hapo Syokimau. Ama kweli jina likihifadhiwa, habari zake huhifadhika nalo.

MTO MMOJA, MAJINA MATATU

Kabla ya vilima, tuutazame mto uliokopesha mji huu jina lake. Maji ya Athi yanatoka upande wa Ngong na nyanda za juu zilizo karibu na Nairobi. Huko juu, mto unaopita kando ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi huitwa Mbagathi, na katika ramani nyingine utaona umeandikwa Empakasi. Ukiyatamka majina hayo mawili polepole, utayasikia yakijibizana: upande mmoja ni ulimi wa Kikuyu, upande wa pili ni ulimi wa Kimasai. Ukiongeza Embakasi, mtaa ule wenye uwanja wa ndege, utatambua kwamba neno lile lile limetembea mbali.

Wengi hudhani kwamba mto huu ukishaupita mji wa Athi River huelekea Mombasa moja kwa moja, kama malori. La hasha. Kwanza huenda upande wa kaskazini na mashariki, ukakutana na Mto Nairobi, kisha ukaporomoka katika Maporomoko Kumi na Manne, maarufu kama Fourteen Falls, karibu na Thika. Hapo ndipo unapouzunguka mlima mkubwa wa Ol Donyo Sabuk na kugeuka kusini-mashariki. Kutoka hapo unafuata ubavu wa Uwanda wa Juu wa Yatta kwa mamia ya kilomita hadi Tsavo.

Baada ya kuungana na Mto Tsavo, mto wetu unabadilisha jina na kuitwa Galana. Hilo ni neno la lugha ya Waoromo lenye maana ya maji mengi, mto au bahari. Ukikaribia pwani unaitwa Sabaki, na kwa jina hilo unaingia katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Ule udongo mwekundu unaoyatia rangi maji ya Malindi nyakati za mvua umesafiri njia hiyo yote.

Na Athi je? Wakikuyu huwaita Athi wale wawindaji wa kale waliokuwa wakiishi misituni kabla ya mashamba kufunguliwa. Wapo wanaouhusisha mto na wawindaji hao. Ukiutazama uwanda huu, ambao mpaka leo swala na pundamilia bado huonekana mahali penye nyasi, si vigumu kuelewa kwa nini.

VILIMA VINAVYOZUNGUKA UWANDA

Sasa simama mahali palipoinuka kidogo, ukiupa mgongo mji wa Nairobi. Ikiwa ni asubuhi na hakuna ukungu, vilima vitakupokea kimoja baada ya kingine.

Kilicho karibu zaidi ni Lukenya, mgongo wa mawe unaoinuka kushoto kwa barabara ya Mombasa. Wapandaji wa majabali wanaufahamu vizuri, kwa maana kuta zake zimewafunza wengi kazi ya kamba na kucha. Lakini walikuwapo wengine kabla yao. Chini ya majabali ya Lukenya wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua vifaa vya mawe, vikiwemo vilivyotengenezwa kwa lile jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kioo. Wamepata pia sehemu ya fuvu la binadamu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba fuvu hilo lina umri wa zaidi ya miaka 22,000. Fikiria basi, msomaji: mahali unapopita kwa dakika tano palikuwa nyumbani kwa watu wakati hapakuwa na Nairobi, wala Mombasa, wala hata mji mmoja popote duniani. Waliuitaje mlima wao? Lazima waliupa jina, maana mtu haishi chini ya mlima bila kuuita kitu. Jina hilo lilizikwa pamoja nao.

Nyuma ya Lukenya, upande wa Machakos, kuna vilima vya Mua, vinavyosifika kwa matunda, na nyuma yake vilima vya Iveti vinavyoulinda mji wa Machakos. Machakos yenyewe ni jina la mtu. Ni Masaku, kiongozi wa Wakamba, ambaye wageni walishindwa kulitamka jina lake, wakaliandika walivyolisikia. Kalamu ikishaandika, ulimi hufuata.

Geuka sasa uangalie kaskazini-mashariki. Ule mlima mpana uliojitenga peke yake ndio Ol Donyo Sabuk, wenye urefu wa mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Kwa Kimasai, oldoinyo ni mlima, na neno la pili ni mkubwa au mnene. Kwa hivyo Mmasai aliyekuwa akilisha ng'ombe uwandani aliuona unene wake. Wengine wanauita Kilimambogo, yaani mlima wa nyati, nao nyati wangali wamo katika hifadhi ya taifa iliyotengwa huko mwaka wa 1967. Mkamba anauita Kyanzavi, na nzavi ni zile kunde nyeusi ambazo Mkikuyu huziita njahi. Na ajabu ni hii: Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka wa 1938 aliitaja milima minne inayoizunguka nchi ya Wakikuyu, na ule wa mashariki ni Kia-Njahi. Makabila mawili yaliyoutazama mlima mmoja kutoka pande mbili yaliuona mlima ule ule wa njahi na mvua zake.

Je, nani kati yao amekosea? Hakuna hata mmoja. Mchungaji aliona ukubwa, mwindaji akaona nyati, mkulima akaona chakula. Kila mmoja aliuita mlima kwa kile alichokihitaji kutoka kwake.

Na ukibahatika kupata asubuhi safi sana, utaona mbali kabisa upande wa kusini kitu cheupe kinachoelea juu ya upeo wa macho. Huo ni Kilimanjaro. Wakamba wanauita Kiima Kyeu, mlima mweupe, na sidhani kuna jina linaloueleza vizuri zaidi. Kaskazini nako kuna Mlima Kenya. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Mjerumani, Krapf, aliuona akiwa Kitui, na jina aliloandika alilipata kwa wenyeji wake Wakamba, waliokuwa wakisema Kiinyaa. Wakikuyu walisema Kirinyaga. Laiti Krapf angeupitia mlima ule upande wa pili, pengine pasipoti yako leo ingekuwa na neno jingine. Kumbe nchi nzima inaweza kubeba jina kwa sababu ya mahali alipokuwa amesimama msafiri mmoja siku moja!

MLIMA WA CHOKAA UKO WAPI?

Sasa tufike kwenye jambo lililoupa mji huu sifa. Athi River ni mji wa saruji, au simiti kama wengi tunavyosema. Kampuni ya East African Portland Cement ilianza mwaka wa 1933, na katika miaka yake ya kwanza ilikuwa ikisagia Nairobi malighafi iliyochomwa tayari na kuletwa kwa meli kutoka India. Mwaka wa 1956 ujenzi wa kiwanda cha Athi River ulianza, na mwaka wa 1958 kikafunguliwa. Tangu hapo viwanda vingine vya saruji vimefuata, hata mtu akaweza kudhani kwamba mji huu umekaa juu ya mlima mzima wa chokaa.

Lakini tazama tena vilima tulivyovitaja. Lukenya si mawe ya chokaa. Ni mwamba mgumu wa kale, wenye michirizi myeupe na myeusi, uliopikwa chini kabisa ya ardhi. Uwanda wenyewe umefunikwa na lava iliyotiririka yapata miaka milioni 13 iliyopita na kuganda. Ukilichukua jiwe la lava hiyo na kuligonga kwa nyundo, huweza kulia kama kengele iliyopasuka, na ndiyo sababu wataalamu wakaliita fonolaiti, yaani jiwe lenye sauti. Lava ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyojenga Uwanda wa Juu wa Yatta, ulionyooka kwa takriban kilomita 290. Majabali kama Lukenya yalikuwa marefu kiasi cha kubaki nje, kama visiwa katika bahari nyeusi.

Basi chokaa iko wapi? Iko ya aina mbili. Ya kwanza iko chini ya miguu yako. Ukichimba katika ule udongo mweusi unaonata viatu wakati wa mvua, utakuta vidonge na matabaka ya jiwe jeupe lisilo gumu sana. Wataalamu huliita kunka. Hufanyika hivi: maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo kidogo ardhini, kisha jua kali hupandisha maji hayo juu na kuyakausha, na chokaa hubaki. Ni kama ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la chai.

Aina ya pili ndiyo mlima hasa, nayo haiko Athi River. Iko ng'ambo, katika nchi ya Kajiado. Huko kuna vilima na matuta ya mawe ya chokaa yaliyogeuka marumaru, kama vile vya Turoka, na kilima cha Kibini kilicho upande wa Sultan Hamud. Mawe hayo yalianza kama matope ya chokaa kwenye sakafu ya bahari. Naam, bahari, huku bara! Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita mabara yaligongana, ile bahari ikafungwa, na matope yake yakakandamizwa na kupikwa hadi yakawa marumaru. Mvua na upepo vikafanya kazi yao kwa muda usiohesabika, mpaka vilima vikajitokeza.

Sultan Hamud nayo ina kisa cha jina. Mwaka wa 1898, reli ilipokuwa bado inajengwa, Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alikuja kuizuru, na mahali reli ilipokuwa imefikia pakapewa jina lake. Kwa hivyo sultani wa visiwani ana mji katikati ya nchi ya Wakamba na Wamasai, kwa sababu ya ziara ya siku moja. Lakini kilima kilichokaa hapo tangu enzi hazijahesabiwa, ni wasafiri wangapi wa barabara ya Mombasa wanaokijua kwa jina?

KILIMA NDANI YA GUNIA

Si vigumu kuona kwa nini kiwanda kilikaa Athi River wala si kilimani. Hapa palikuwa na reli, palikuwa na mto, na Nairobi yenye njaa ya majengo ilikuwa jirani. Jiwe lilikuwa rahisi kusafirisha kuliko mji.

Kazi yenyewe ni hivi. Mawe ya chokaa hulipuliwa, hupondwa na kuchanganywa na udongo wa aina maalumu. Mchanganyiko huo huingizwa katika tanuri refu la duara linalozunguka polepole, ambamo joto hufika nyuzi 1,450 hivi. Hapo jiwe hutoa gesi ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake tangu siku za ile bahari, na kinachobaki ni vidonge vigumu vya kijivu viitwavyo klinka. Klinka husagwa pamoja na jasi kidogo, wakati mwingine na majivu ya volkeno, na hapo ndipo saruji inapopatikana. Ili kupata tani moja ya klinka, kunahitajika takriban tani moja na nusu ya mawe. Sehemu kubwa ya uzito uliopotea imepaa angani ikiwa gesi, na hiyo ni mojawapo ya sababu dunia inaitazama saruji kwa jicho la wasiwasi siku hizi.

Watu wetu wa pwani walizijua kazi za chokaa karne nyingi kabla ya kiwanda chochote. Walipanga magogo kwa duara, wakarundika juu yake mawe ya matumbawe, wakatia moto. Walichopata walikifunika, wakakiacha kipoe, kisha wakakijengea misikiti na nyumba. Kuta za Gede na za Lamu zinatoa ushahidi mpaka leo. Tofauti ni kwamba fundi wa Lamu aliona kwa macho yake jiwe lilikotoka. Wewe na mimi tunanunua gunia la kilo 50 dukani, tunajengea chumba cha kupangisha au choo cha shule, na katika karatasi ya gunia hakuna jina la kilima.

Sisemi haya ili kulaumu saruji, msomaji. Nyumba yako imejengwa kwayo, na hata daraja ulilopita asubuhi ya leo. Watoto wengi wa Athi River wamesomeshwa kwa mishahara ya viwanda hivyo. Ninachosema ni kwamba kilima kinachochimbwa hakirudi. Lukenya atakuwepo mwakani. Tuta la chokaa, likishachimbwa, linaacha shimo, na baada ya kizazi kimoja mtoto atauliza, "Hili shimo linaitwaje?"

Lakini shimo pia lina majaliwa yake, ikiwa watu wataamua. Kule Bamburi, kaskazini ya Mombasa, matumbawe yalichimbwa kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 1950, na kubaki jangwa jeupe lenye chumvi ambapo hapakuota kitu. Mwaka wa 1971 mtaalamu René Haller alianza kupanda miti humo. Mingi ilikufa, lakini mivinje ikakubali. Majani yake yalipogoma kuoza, wakaletwa majongoo wayale na kuyageuza udongo. Leo panaitwa Haller Park, na familia za mjini huenda kutazama twiga na viboko mahali palipokuwa shimo. Pwani wamefanikiwa kulifanya shimo kuwa bustani na kulipa jina. Bara nako hakuna sababu ya kushindwa.

YA KUFANYA UKIFIKA

Ikiwa una watoto wa shule, waache wajaribu mambo mawili. Kwanza, wabebe ndimu au kichupa cha siki. Waokote kijiwe cheupe cha kunka kando ya njia na kipande cha jiwe la kawaida la uwandani. Watie matone ya ndimu juu ya kila kimoja. Cheupe kitatoa povu jembamba, na wakikikwaruza kwanza wapate unga, povu litaonekana vizuri zaidi. Jiwe la lava litakaa kimya. Povu hilo ni gesi ile ile inayotoka katika tanuri la kiwanda. Hilo ni somo la sayansi lisilohitaji maabara.

Pili, wabebe daftari na kalamu. Mahali mtakaposimama, wachore mstari wa upeo wa macho, na juu ya kila kilima waandike majina yote watakayoyapata. Muulize mama anayeuza mahindi. Muulize bawabu, muulize mchungaji mkimkuta na mbuzi wake. Salimia kwanza, tena kwa adabu, maana mtu mzima haulizwi habari kama kwamba anadaiwa. Ukisema, "Habari ya asubuhi, mama? Tunaomba utusaidie, ule mlima kwenu mnauitaje?" utashangaa jinsi uso utakavyofunguka. Majina mengine yatatofautiana. Yaandikeni yote, msifute hata moja.

Kumbuka pia kwamba sehemu nyingi za Lukenya ni ardhi ya watu binafsi, kwa hivyo omba ruhusa kabla ya kupanda. Nenda mapema, kabla jua halijawa kali, na usipande majabali bila mtu anayeyajua. Ukitaka mlima wenye barabara hadi juu, endelea hadi Ol Donyo Sabuk, ambako utalipa kiingilio cha hifadhi. Njiani huko liko kaburi la McMillan, yule tajiri aliyezikwa mlimani mwaka wa 1925 na ambaye jina lake lipo kwenye maktaba ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 1931. Yeye naye alitaka akumbukwe na mlima.

TUTAWAAMBIA NINI?

Siku hizi uwanda huu unagawanywa viwanja. Kila mwezi lango jipya husimama, lenye jina la kupendeza la Kizungu, na nyuma yake safu za nyumba zinazofanana. Watoto watakaozaliwa humo wataita hapa nyumbani, na ni haki yao. Lakini wengi wao wamezaliwa na baba wa huku na mama wa kule, na Kiswahili ndicho wanachozungumza mezani. Hawatakuwa na nyanya jikoni wa kuwaambia kwamba Kyanzavi ni mlima wa njahi, au kwamba uwanda wa Kapiti umepewa jina la Wamasai wa Kaputiei. Wasipoambiwa na sisi, wataambiwa na nani?

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nami naongeza kwamba asili si ukoo tu. Hata ardhi unayoikanyaga ina asili yake, na jina ndio mlango wa kuingilia. Mtu anayekijua kilima kwa jina huuliza kikianza kupungua. Asiyekijua hupita tu.

Kwa hivyo, msomaji wangu, Jumapili ijayo ukiwa tena ndani ya basi la Machakos na mtoto akikugusa bega, usikohoe. Mwambie, "Ule wa karibu ni Lukenya, waliishi watu hapo kabla ya miji yote ya dunia. Ule mpana kule ni Ol Donyo Sabuk, na Kilimambogo, na Kyanzavi, yote hayo ni majina yake. Na kipo kingine huwezi kukiona kutoka hapa, kinaitwa Kibini. Hicho, mwanangu, pengine kipo katika kuta za nyumba yetu."

Kisha mwache aulize swali la pili. Bila shaka atakuwa nalo.